Utando wa Kijani Katika Ziwa la Baba Mkwe

Nakumbuka alasiri moja ya Jumamosi, mwanangu, tumetoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya kufagia barabara, na mikono yangu bado ina hamu ya ufagio. Nilikuwa bibi arusi mgeni hapa Rugerero, nimerudi kutoka Tanzania, na kesho yake akina mama wa kanisani walikuwa waje kunitazama. Niliogopa wasije wakasema mkazana huyu, mke wa kijana wao, ni mchafu.

Baba mkwe wangu alikuwa mvuvi. Miguu ilipomkatalia kushuka ziwani Kivu, nilimjengea ziwa dogo sebuleni: sanduku la kioo, mchanga wa ufukweni, mawe meusi ya volkano, majani ya majini, na visamaki vya miambani. Isambaza, wale dagaa wa Kivu, aliwakataa: akitoka ziwani, alisema, huyo hafiki hata mlangoni akiwa hai. Hatukuwa na mashine ya kupuliza hewa. Jua la asubuhi lililisha majani, majani yaliwapa samaki pumzi, na uchafu wa samaki ukawa mbolea. Mzee alikaa mbele yake kutwa, akizungumza nao kama majirani.

Lakini mawe yalikuwa yameota utando wa kijani. Basi nikawahamishia samaki ndooni, nikachukua brashi na sabuni. Jiwe la kwanza liling'aa kama kiatu cha Pasaka.

"Yewe, mukazana! Unafanya nini?"

"Nasafisha, Baba. Wageni watanicheka."

"Ile kijani njo chakula yao! Huko Tanzania munapikaka, kisha munamwanga chungu?" Akacheka kwa pua. "Wageni wataikala saa moja tu. Hawa samaki, hapa iko kwao."

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilikuwa namsugua mkunga kwa sabuni. Jiwe lile tulilitupa nje, sabuni isije ikawaua samaki. Samaki tuliwarudisha, wakajificha, na mzee akakataa kula mpaka awaone. Asubuhi walitoka, wakaanza kuuchuma utando kwa midomo yao midogo.

Wageni walipofika, mmoja alikunja uso. "Bon, hiki kioo hakioshwaka?"

Nikainamisha kichwa. Baba mkwe akajibu, "Mama, sogea. Tazama vile wanakula. Mukazana wangu njo alinijengea ziwa."

Akasogea. Wote wakasogea, mpaka chai ikapoa vikombeni.

Basi, mwanangu, wewe unayetaka kujenga ziwa lako: weka majani kwanza, uyaache yashike mizizi, ndipo ulete samaki, tena wachache. Kioo cha mbele ufute, mawe uyaache. Kisha jifunze kukaa mikono mapajani, jambo gumu kuliko kujenga. Na ukipata nyumba yako, usiisugue kwa ajili ya macho ya wapita njia hadi walio ndani wakose cha kula. Imana, Mungu wetu, akujalie kwako pawe na pumzi, na mtu wa kukutetea wageni wakikunja uso.