Mwisho wa Kanda ya Nairobi

Nilimpelekea mama picha ya kaka. Nilikuwa nimeikuza mjini na kuitia fremu nzuri, nikamwekea mapajani. Akaipapasa kwa vidole, pembe hadi pembe, kisha akanirudishia. "Hiki ni kioo, mwanangu," akasema.

Ndugu yangu, nilitamani ardhi inimeze. Mama alikuwa haoni, mwaka wa sita ule. Presha ya macho ilimchukua jicho moja, ikarudi kuchukua la pili, na sasa moyo nao ulikuwa umechoka. Daktari alituambia tumkalishe nyumbani, tumpe anachotaka. Nikamuuliza anataka nini. Nilidhani atasema mtori, supu yetu ya ndizi, au apelekwe kanisani hata kwa kubebwa. Akasema anataka kumsikia kaka yangu. Sauti ya kaka imeanza kumtoka kichwani, akasema, anaitafuta kila asubuhi na haipati.

Mimi nilijua sauti ile iliwekwa wapi. Nilijua pia ni nani aliyeifuta, maana ni mimi, na tangu utotoni nilikuwa sijamwambia mtu.

Sijui kama wewe ulikulia mahali penye banda la video. Letu, huku Old Moshi, lilikuwa nyuma ya zizi la jirani yetu. Kuta za mabanzi, mabenchi ya magogo, jenereta ikiunguruma nje kwenye kahawa, na harufu ya samadi iliyokufuata mpaka nyumbani. Kiingilio cha watoto kilikuwa mzigo wa majani ya ng'ombe. Jumamosi tulishuka mashamba ya chini alfajiri, tukafyeka, tukapanda na mizigo kichwani shingo zikiuma, ili tu tukaone watu wakipigana. Ng'ombe wa jirani walinenepa kwa sinema. Mama alisema sisi ni wajinga, tunalisha ng'ombe wa watu na wetu wanalia.

Kaka ndiye aliyekuwa akitafsiri. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, Kiingereza kinaingia sikioni, Kiswahili kinatoka mdomoni, na makomandoo wa Kizungu wakawa wanasema kama wajomba zetu. Adui mkuu alipotishia kulipua bwawa, kaka alimfanya atishie pia kukata migomba ya kijiji kizima, na banda lote likanguruma kwa hasira. Nyumbani alifanya mazoezi mbele ya mama, jioni mama akimenya ndizi. Mama hakuwahi kukanyaga banda lile, maana alikuwa mzee wa kanisa, lakini masikio hayana dhehebu. Alilalamika kwamba hiyo sinema ina makelele, halafu akauliza, "Sasa huyo kijana alifika kwao?"

Swali hilo lilitugawa ukoo mzima. Sinema ilikuwa moja, kanda zikawa tatu. Kuna iliyokuja kutoka Uarabuni, ina maandishi ya Kiarabu chini, na kila palipotaka kutokea busu palikatwa. Kuna ya Dar es Salaam, ambayo ilirudufiwa kutoka hiyo ya Kiarabu, na mtafsiri wake alitia mizaha ya mjini ambayo sisi hatukuielewa. Halafu kuna ya Nairobi, iliyopitia mpakani Holili kwenye gunia la mitumba. Hiyo ndiyo ilikuwa ndefu. Katika zile mbili, steringi, ndivyo tulivyomwita shujaa, analipua daraja, anatazama moshi, basi, imekwisha. Katika ya Nairobi anatembea njia ndefu ya vumbi mpaka kwao, mama yake anafungua mlango. Nyuma yake yuko mchumba, na baadaye wanabusiana pale pale kizingitini. Bila shaka Waarabu waliona busu wakakata na safari yote ya kurudi.

Shangazi aliolewa Kilema, na huko walikuwa na ya Kiarabu. Krismasi binamu zangu walipokuja tuligombana mpaka mmoja akanirarulia gauni. Walishikilia kwamba steringi hakufika kwao. Mimi nilisema alifika, nimeona. "Steringi hafi," wote tulikubaliana, ndiyo ilikuwa sheria. Lakini kufika nyumbani ni jambo jingine.

Siku moja jirani aliunganisha deki mbili na kipaza sauti, sinema ya Nairobi ikaingia kwenye kanda mpya pamoja na sauti ya kaka, mwanzo hadi mwisho. Akampa kaka iwe yake. Kaka akaandika ubavuni kwa kalamu nyekundu: YA NAIROBI, NDEFU. Ndiyo kanda pekee tuliyowahi kumiliki, na hatukuwa na televisheni.

Mwaka huo huo kaka akapanda mlima kubeba mizigo ya wageni. Baridi ikamwingia mapafuni kule juu. Walimshusha kwenye machela, na alipofika getini alikuwa ameshakwenda.

Kwetu mtu huzikwa kihambani, nyumbani kwao, kati ya migomba. Ndugu wengi walikuwa mbali, kwa hiyo baba mdogo alikuja na mpiga picha mwenye kamera kubwa ya begani ili walioko Dar nao wauone msiba. Kabla ya ibada kanda ya mpiga picha ikakwama, ikatafunwa. Baba mdogo akanishika bega, mimi binti wa miaka kumi na moja, akasema nikimbie nilete kanda yoyote. Chini ya kitanda cha kaka palikuwa na boksi la kanda kumi au zaidi. Zote za jirani, isipokuwa moja. Na mimi nimelelewa na mama yule: mali ya watu haiguswi, hata njaa ikuue. Nikaacha za watu. Nikachukua yetu.

Nimeyarudia maisha yangu yote, yale mawazo ya dakika moja. Mtoto mwizi angeiokoa sauti ya kaka yake!

Kwa hiyo mama alipoomba kumsikia, nilianza kuhangaika kama kuku aliyepoteza vifaranga. Nilijipa matumaini kwamba huenda jirani alirudufu nakala nyingine. Jirani amekufa, banda ni duka la vocha, lakini binti yake alinipa kiroba cha kanda zilizoota ukungu. Fundi mmoja wa Kiborloni alinifufulia deki. Nilipeleka kila kanda mbele, moja kwa moja hadi mwisho, kwa kuwa nilijua ninachokitafuta: kama steringi hafiki nyumbani, hiyo siyo. Daraja, moshi, basi. Daraja, moshi, basi. Moja ilikuwa na sauti ya mwanamume akitafsiri, nikasogea karibu, kumbe ni yule wa Dar na mizaha yake. Nililia mbele ya fundi. Akazima mashine, akasema, "Pole, dada. Watu hutafuta vitu." Huku nyumbani mama alikuwa ameanza kuacha chakula.

Nikabakiwa na kanda moja tu, ile ya msiba. Baba mdogo hayupo tena, lakini mkewe aliitafuta kabatini akanitumia kwa basi. Wino mwekundu wa kaka ulikuwa bado ubavuni.

Nilikwenda kaburini nikachuma jani la isale. Unajua desturi yetu. Anayekuletea isale ameomba msamaha, na wewe huna ruhusa ya kumkatalia. Nikaliweka kwenye kiganja cha mama. Akalipapasa kama alivyopapasa ile picha, ila hili hakulirudisha.

"Umefanya nini?" akauliza.

Nikamwambia yote, boksi, kanda, za watu na yetu. Kisha akasema, "Ni mimi niliyekufundisha hivyo." Akalikunja jani, akalitia kwenye khanga. "Basi weka huo msiba. Na wenyewe ni wake."

Deki nilikuwa nimeileta chumbani kwake pamoja na televisheni. Tukausikiliza, saa tatu asubuhi, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Kwaya, mchungaji, udongo ukianguka. Tulimsikia mama mwenyewe akilia, kijana, kwa sauti yenye nguvu ambayo hakuwa nayo tena. Mama mzee aliitikia kwa kichwa, kana kwamba anampa pole mwanamke mwingine. Halafu picha ikaruka, chengachenga zikajaa, nikanyanyuka kuzima.

Sikuzima. Msiba ulikuwa mfupi kuliko sinema, na ile kanda ilikuwa ya Nairobi. Chengachenga zikafunguka ikaonekana njia ndefu ya vumbi, steringi anatembea, na kaka yangu, ana miaka kumi na tisa, mafua kidogo, anasema pale chumbani: "Hodi, mama. Ni mimi. Nimechelewa, lakini nimefika."

Mama alishika ukingo wa kitanda. Hakulia. "Mbona umesimama?" akaniambia. "Mfungulie."

Nami, mama wa watoto watatu, nilikwenda nikafungua mlango. Nje palikuwa na migomba, ukungu, na kaburi lake hatua ishirini. Niliuacha wazi. Tulirudisha nyuma tukasikiliza tena, na tena, mpaka mama akaomba mtori, akala nusu bakuli.

Mama alitutoka wiki mbili baadaye. Banda halipo, wala zizi, na majani ya ng'ombe siku hizi huletwa kwa pikipiki. Juzi baada ya mazishi binamu yangu wa Kilema, yule aliyenirarulia gauni, alikuwa akivaa viatu aondoke. Nikamshika mkono.

"Alifika," nikamwambia.

Akanitazama, mvi zimemjaa. "Nani?"

"Steringi. Alifika kwao."