Shemeji Aliyekuwa Benchi

Watu wanamsema vibaya shemeji yangu. Wengine wanadai alirukwa na akili siku ile pale kituo cha afya. Wengine eti alitumwa na wanasiasa. Mimi nilikuwepo, tena nilikuwa nimeshika mkanda wa mgongoni kwake. Nitaeleza nilichokiona.

Ni mdogo wake marehemu mke wangu. Walipishana miaka sita na kilo nyingi. Mke wangu alikuwa mwembamba, mtu wa sauti ya chini. Huyu ana mabega ya mpagazi, na mdomo wake haujawahi kupata likizo. Aliolewa, akaachika, akaolewa tena na mume yule yule, kisha akafiwa naye. Ukimuuliza kwa nini alirudi, anasema alikuwa amesahau sufuria.

Kazi yake ni kufagia chuo cha sanaa. Siku moja mtu aliyelipwa kukaa mbele ya wanafunzi ili wamchore alianguka kwa kizunguzungu. Mwalimu akatazama huku na huku, akamwona yeye na ufagio wake.

"Mama, unaweza kukaa nusu saa bila kusogea?"

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

"Miaka yote hii mlikuwa na kazi hiyo na mkanipa ufagio?"

Akakaa. Nzi akatua puani, hakusogea. Tangu hapo asubuhi anafagia, mchana anachorwa. Anachorwa akiwa na nguo zake zote. Nasema hivyo kwa sababu wapo walioniuliza.

Pale chuoni ndipo alipoona mambo. Wapo wanafunzi ambao hawachori. Wao wanatumia miili yao wenyewe. Kijana mmoja alijizungushia waya mwili mzima, akalala kwenye ngazi kutwa nzima kwa ajili ya wapangaji waliotolewa nyumba zao. Binti mmoja alibeba tofali mdomoni mpaka jioni. Shemeji alikuwa anafagia kuwazunguka. Akamuuliza yule wa waya, "Mwanangu, hii ni adhabu au ni kazi?"

"Ni kazi, mama. Mwili unasema."

"Wangu unasema kila jioni. Hakuna aliyekuja kuutazama."

Alinisimulia hayo akicheka. Lakini nadhani hakuyasahau.

Sasa habari ya kituo cha afya. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa na mabenchi. Akaja mkuu mpya akayaondoa. Alisema mgonjwa akikaa anajisahau, anageuza hospitali kuwa baraza. Akisimama anamaliza shida yake upesi anakwenda nyumbani. Kwa hiyo tukawa tunasimama. Mke wangu alisimama mle asubuhi tatu, miguu imevimba, mkono wake begani kwangu. Kwenye mwezi ule ule akafariki.

Baada ya hapo sikurudi pale. Dawa zangu za presha ziliisha, nikaziacha ziishe. Mimi ni fundi wa makochi. Nilikuwa nafungua karakana, nakaa, nafunga.

Shemeji alikuwa anapita kila Jumamosi.

"Shemeji, wateja wakikukuta umelikalia kochi lao tangu asubuhi, watasema umewauzia mtumba."

"Nalijaribu."

"Wiki ya tatu unalijaribu. Dawa umechukua?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusimama mle."

Alijua sisemi habari ya magoti. Akaaga.

Jumamosi iliyofuata aliingia bila hodi. Akasukuma vitambaa pembeni, akapiga magoti katikati ya karakana, mikono chini, mgongo juu.

"Nipime," akasema.

"Nikupime nini?"

"Urefu wa benchi."

Nilidhani ni utani wake. Akanieleza akiwa vile vile chini. Atakwenda kwenye ukumbi ule awe benchi. Wagonjwa watamkalia. Hatainuka mpaka mabenchi yarudi. Siku mgonjwa mmoja atakapokalia ubao, ndipo atainuka.

"Wakikutoa kwa nguvu?"

"Watakuwa wamenibeba, na mimi sijabebwa tangu harusi ya pili."

"Na mgongo ukikatika?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi, sikwenda kwa mchungaji."

Nikachukua futi. Alikuwa mrefu mno kwa benchi. Nikamwambia ashuke kwenye viwiko, arudishe makalio nyuma kidogo. Hapo akawa sawa. Nikamwambia nitamtengenezea fremu ya mbao ya kumshikilia kwa chini, uzito usimfikie. Akakataa.

"Ukiweka mbao litakuwa benchi lako. Nataka liwe mimi."

Basi nikamshonea mto mrefu wa sponji, wa rangi ya damu ya mzee, kitambaa kilichobaki kwenye kochi la mteja. Nikaweka mikanda miwili ya kufunga kifuani na tumboni, na vipande vya sponji vya magoti na viwiko. Nikamweleza kitu kimoja ambacho kila fundi wa makochi anakijua. Mtu hakai katikati. Katikati ndipo kochi huzama. Akae juu ya nyonga, au kidogo nyuma ya mabega.

"Na nani atawaonyesha pa kukaa?" akauliza.

Nikaendelea kushona.

"Mimi nitakuwa naangalia sakafu, shemeji. Nani atawaonyesha?"

Ndivyo alivyonipata.

Tulifika kituo cha afya mlango ulipofunguliwa. Ukumbi ulikuwa ule ule. Ukuta wa kijani mpaka kifuani, juu rangi ya maziwa, na pale rangi zinapokutana pameng'aa kwa mabega ya watu wanaoegemea. Sakafuni bado kulikuwa na alama za kutu za miguu ya mabenchi. Nilifika karibu na dirisha la pili la kadi nikashindwa kuendelea. Tulikuwa tunasimama hapo mimi na mke wangu. Shemeji alinitazama. Akapiga magoti hapo hapo, nami nikamfunga mto.

Mwanzoni watu walimzunguka kama shimo la barabarani. Akaja mlinzi.

"Huyu mama ameanguka?"

"Hajaanguka. Ni benchi."

Akainama akamtazama usoni, akainuka.

"La nani?"

"La wagonjwa."

Alifikiri kidogo. "Samani si idara yangu," akasema, akaenda kumwita mtunza stoo.

Akaingia mama mmoja mnene, mguu wake umefungwa bandeji, anapumua kwa shida. Akaona mto. Hakuuliza chochote. Nikamwonyesha upande wa nyonga, akakaa na kushusha pumzi ndefu.

"Karibu, dada," benchi likasema.

Yule mama aliruka hatua mbili na mguu wake mbovu.

"Linaongea," akaniambia.

"Linaongea, mama. Lakini halina ubaya."

Akamzunguka, akainama. "We mwenzangu unafanya nini huko chini?"

"Nimesimama kwa niaba yako. Kaa."

"Mimi mzito."

"Nimeshaliona hilo. Kaa."

Akakaa. Watu wakacheka, na baada ya hapo ukumbi ukawa mwingine. Wakaanza kupanga foleni ya benchi mbali na foleni ya daktari. Nikaweka sheria, kila mtu pumzi hamsini, watoto wasiruke. Mzee mmoja akasema yeye hawezi kumkalia mwanamke hadharani. Shemeji akamwambia, "Umekaliwa maisha yako yote na mwanamke nyumbani, leo lipiza." Akakaa huku anajifunika uso kwa kofia. Kila zamu chache shemeji alikuwa anakunja vidole na kukunjua, kama anavyofanya akichorwa, bila mgongo kutikisika.

Mtunza stoo alikuwa mtu mkavu mwenye funguo nyingi kiunoni. Alimzunguka shemeji mara mbili. Akabonyeza mto.

"Mshono wa nani huu?"

"Wangu."

"Mzuri. Namba ya mali iko wapi?"

"Haina namba."

"Kitu hakikai ukumbini bila namba." Akatoa chaki mfukoni, akaandika pembeni ya mto.

"Andika vizuri, mwanangu," shemeji akasema. "Usije ukanipeleka stoo."

Yeye hakushtuka. "Stoo hakuna nafasi, mama. Nina mabenchi kumi na mawili mle ndani. Nikitaka ndoo inabidi niyapande kama mbuzi. Mwezi uliopita nilichanika suruali."

Nilihisi mkanda unatikisika mkononi mwangu. Shemeji alikuwa anacheka tumboni.

Mtunza stoo akapiga simu juu kwa mkuu. Tulisikia sauti inamwambia aondoe kitu hicho. Akajibu kwa heshima kwamba hawezi bila fomu, na fomu inasainiwa mbele ya samani yenyewe. Utaratibu huo aliuweka mkuu mwenyewe baada ya feni kupotea. Baada ya muda mkuu akashuka. Shati safi, kalamu mbili mfukoni.

"Mama, inuka."

Benchi halikusogea.

"Mama, nakwambia inuka."

"Mkuu," mtunza stoo akasema, "limeshaingia kwenye daftari. Namba kumi na tatu."

"Nini kimeingia? Huyu ni mtu."

"Sawa, mkuu. Kama ni mtu, ni mgonjwa aliyekosa pa kukaa, hiyo ni ya daktari. Kama ni benchi, ni yangu. Nataka tu kujua nimwandike wapi."

Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza. Hata madirisha ya kadi yalikuwa yametulia. Mkuu akasema ataita polisi. Ndipo shemeji alipozungumza, bila kuinua kichwa, sauti ya kawaida tu.

"Dada yangu alisimama hapa asubuhi tatu. Hakufa kwa kusimama. Lakini alisimama."

Mkuu alimtazama. Akanitazama na mimi, sijui aliona nini. Hakuwa mtu mbaya sana. Nadhani hakuwahi kushuka ukumbini watu wakiwa wamejaa.

"Fomu iko wapi?" akauliza.

Mtunza stoo alikuwa nayo tayari. "Hapa saini. Na hapa panataka kitu mbadala kitakachowekwa."

Yule mama mnene alikuwa amerudi zamu ya tatu. "Andika basi, baba," akasema. "Nimeanza kupata usingizi."

Mkuu akaandika mabenchi kumi na mawili, akasaini. Akapanda ngazi haraka kuliko alivyoshuka.

Lakini shemeji alikuwa ameweka ahadi yake, na ubao ulikuwa bado haujafika. Huko stoo benchi la mbele lilikuwa limenasa mlangoni, tukasikia wanavyolivuta na kutukana. Nikaona kiwiko cha kushoto kinaanza kutetemeka. Nikawaambia watu basi, asikae mtu tena.

"Nani kakutuma?" shemeji akasema huko chini.

"Unatetemeka."

"Benchi lisilokaliwa ni pambo. Sikuja hapa kuwa pambo. Kaa wewe."

"Mimi siwezi."

"Umenipima, umenishonea, hujanijaribu. Fundi gani hajaribu kazi yake?"

Nikakaa. Nusu ya uzito niliuacha miguuni kwangu. Mgongo wake ulikuwa wa moto na ulikuwa unapumua. Sikuwa nimeguswa na mtu tangu msiba. Nikatazama ule ukuta unaong'aa, na safari hii niliweza kuutazama.

"Kaa vizuri," akasema. "Umekaa kama mkwe."

Nikakaa vizuri.

Wakaleta benchi la kwanza, wanaume wawili na mtunza stoo mwenye vumbi mpaka nyusi. Yule mama wa bandeji alipewa heshima. Akakaa, akapiga ubao kwa kiganja.

"Mbao," akatangaza. "Inuka sasa, mwenzangu."

Hakuweza. Magoti yalikuwa yamegoma. Tulimwinua watu watatu, naye akawa anatuhesabia makosa, huyu kamshika vibaya, yule ana mikono baridi. Tukamkalisha. Akajinyoosha taratibu, mfupa mmoja baada ya mwingine. Halafu benchi likayumba.

"Shemeji," akasema, "hiki walichotuletea ni mgonjwa mwingine."

Nikainama kutazama. Misumari ilikuwa imelegea yote, na ubao wa kulia umepasuka. Mabenchi yaliyofuata yalikuwa hivyo hivyo.

"Fundi, yanatengenezeka?" mtunza stoo akauliza.

"Yanatengenezeka. Jumanne nitakuja na nyundo."

Nilijikuta nimeshasema. Shemeji alikuwa anasugua kiwiko, hakunitazama, ila nilimwona anatabasamu.

Muuguzi akatoka na kadi mkononi, akaita jina langu. Sikuwa nimejiandikisha. Shemeji alikuwa ameniandikisha asubuhi kabla ya kupiga magoti, wakati mimi nimeganda pale karibu na dirisha. Nikaingia, akafuata nyuma anachechemea. Muuguzi akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akakijaza upepo, akasoma, akatikisa kichwa.

"Presha iko juu, mzee. Ulikuwa unafanya kazi nzito?"

"Kazi nzito nimefanya mimi," shemeji akasema mlangoni. "Yeye alikuwa amenikalia."

Muuguzi alitutazama wote wawili, kisha akaandika dawa.