Kitambaa Juu ya Ruta

Shirika nililokuwa nikilipigia chapa lilipobinafsishwa, nilipunguzwa kazini pamoja na taipureta yangu. Taipureta ilikwenda mnadani. Mimi nilikwenda kufanya kazi kwenye duka la intaneti, nyuma ya soko hapa Dodoma. Mwenye duka alikuwa mama wa Kondoa, zamani muuza kanga, ambaye sasa aliamini kompyuta ndiyo doti mpya mjini.

Duka lilikuwa na kompyuta nne na laini moja ya simu. Kwa hiyo mteja mmoja aliingia kwenye intaneti, na watatu walicheza karata kwenye vioo vyao wakimsubiri amalize. Wakati wa vikao vya Bunge foleni ilifika barazani, na watu wenye tai hawapendi foleni. Siku moja mama akaniuliza, mbele ya wateja, kama hakuna njia ya kuigawa ile laini. Nikajibu ipo, tena ni jambo dogo. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja tu kuhusu jambo hilo, lakini mimi nikiulizwa mbele za watu siwezi kusema sijui. Ni ugonjwa wangu, na sijautafutia dawa.

Njia yenyewe ilikuwa kuchukua kompyuta kuukuu, iliyostaafu kama mimi, na kuigeuza ruta: ipokee intaneti kutoka kwenye simu na kuzigawia zile nne. Ruta halisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na programu ndogo iliyoenea kwenye disketi moja, ambayo iliidanganya ile kompyuta mpaka ikaamini kwamba ni ruta. Nilihangaika nayo siku tisa. Kila kompyuta niliipa namba yake, kama nyumba za kota, na siku mbili nzima zilipotea kwa sababu kompyuta mbili nilizipa namba moja zikawa zinanyang'anyana. Siku ya kumi zote nne zilifungua ukurasa kwa pamoja. Nilicheza katikati ya duka, peke yangu, bila muziki, na wala sioni aibu kusema hivyo.

Habari zikafika Kondoa. Dada mkubwa wa mwenye duka alikuwa na binti anayesoma India, na miezi kadhaa nyuma mwanafunzi mmoja aliyekuja likizo alimwambia dada huyo kwamba binti yake amepasuliwa tumbo. Tangu hapo, kimya. Barua haikuja, na simu zilikatika kabla salamu hazijaisha. Mdogo wake, mwenye duka, akamwahidi: njoo Jumamosi, saa nne asubuhi utazungumza naye kwa maandishi, mtaalamu wetu ameshatengeneza kila kitu. Tulimtumia ujumbe yule mwanafunzi, aliyekuwa amerudi chuoni, amwambie binti saa na mahali pa kututafuta. Hakujibu.

Mama yule alifika Ijumaa, vumbi la njia nzima limeshika mtandio wake. Jumamosi asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia, akafungua mkoba na kutoa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua mekundu pembeni.

"Mwanangu, ni ipi kati ya hizi inayomleta binti yangu?"

Nikamwonyesha ruta pale kwenye meza ya kona, haina hata kioo. Akaitandikia kitambaa, kikashuka mbele na nyuma, akakinyoosha pembe zote. Mdogo wake akaongeza maua ya plastiki juu. Kwetu kila kitu cha thamani huvishwa, redio, televisheni, hata chupa ya chai, tena kwa vumbi hili. Nikakisifu kitambaa. Nilifurahi kuona kazi yangu imeheshimiwa.

Saa nne kasoro, intaneti ikakatika kwenye kompyuta zote. Nikasema ni laini. Nikainua simu, mlio upo. Nikasema ni nyaya. Nikazichomoa na kuzirudisha zote. Nikakagua namba moja moja. Ruta sikuishuku, maana taa yake ya kijani niliiona ikiwaka kwenye matundu ya kitambaa. Saa nne ikapita. Mteja mmoja akauliza itarudi lini, nikamkaripia, kisha nikamwomba radhi. Mama alikaa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Basi lake la kurudi lilikuwa la saa nane.

Saa tano ilipokaribia nikaamua kuizima ruta na kuiwasha upya. Nikapenyeza mkono chini ya kitambaa, nikautoa haraka. Ruta ilikuwa inaunguza kama sufuria. Pindo la kitambaa lilikuwa limeziba feni ya nyuma.

Mama aliona. "Kumbe nimeiziba pumzi," alisema polepole.

Nikamwambia kosa ni langu, mimi niliyekisifu. Hakunisikiliza. Alikwenda uani, mdogo wake anakochemshia chai, akarudi na kipepeo cha mkaa. Nilikuwa nimeshafungua ubavu wa sanduku. Akapiga magoti, akaanza kuipepea ruta. Ofisa mmoja mwenye tai akainuka na gazeti lake, akapepea upande wa pili.

Tulipoiwasha, disketi ikasaga, simu ikalia, na jina la binti likatokea kwenye kioo. Alikuwa bado yupo. Nikaandika kwamba mama yake yuko hapa.

Akajibu: "Mama hajui kompyuta. Nimesubiri saa nzima. Wewe ni nani?"

Nikamsomea mama. Nilikuwa tayari kuandika maelezo marefu ya kitaalamu, lakini yeye akasema, "Mwambie tumechelewa kwa sababu nilikuwa naipepea mashine. Kwa kipepeo cha mkaa."

Nikaandika neno kwa neno. Likaja jibu: "Ndiye. Huyo ni mama yangu. Mama, nimepona. Kidonda kimefunga."

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Nikasogea pembeni, nikampisha mwingine asome. Ofisa mwenye tai akainama akamsomea, taratibu, mara mbili. Mama alimsikiliza machozi yakimtoka, huku mkono wake ukiendelea kuipepea ruta, ambayo ilikuwa imeshapoa zamani.