Kuku Niliyekataa Kumtemea Mate

Kuku alikuwa mweupe, na mama mkwe wangu ndiye aliyemshika mabawa. Mguu wa baba mkwe ulikuwa umevimba tangu masika, na mganga alitaka kujua nani kamroga. Kwa desturi ya huko kijijini kwao, kila mtu wa nyumba hutema mate kidogo mdomoni mwa kuku, kisha kuku anapasuliwa, mganga anasoma ndani yake nani mwenye kinyongo. Watoto walitema, wifi zangu wakatema. Ilipofika zamu yangu nikasema mimi nimeokoka, simtemei kuku mate.

"Mate tu hayo, mwanangu," mama mkwe akasema. "Kwani mate ni dini?"

Na huyo ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani kwao, Jumapili iliyopita tu! Nikakaza mdomo. Kuku akapasuliwa, mganga akatikisa kichwa: hasomeki, mate ya mtu mmoja hayamo. Hakunitaja jina. Wote walinigeukia, na ugali niliosonga jioni ile hakuna aliyeunawia mikono.

Tukarudi mjini, Nyakato, mimi na mume wangu, nikidhani yameishia huko huko. Wapi! Maneno kwamba mchawi ni mimi yalitutangulia kufika. Miaka ile viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa kandokando ya ziwa, minofu inakwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, ile mifupa ya sangara yenye nyama za kukwangua. Nilikuwa nayakaanga na kuyauza mlangoni. Wifi yangu wa Kirumba akaacha kuja. Majirani nao wakahamia kununua kwa mama mmoja wa ng'ambo ya barabara, ambaye mafuta yake yalikuwa meusi kama oili chafu. Nikawa namkodolea macho kila anayepita: huyu kaambiwa, huyu bado.

Lakini hao wote potelea mbali. Niliyemhofia ni mmoja tu, mume wangu. Alikuwa ameniambia, "Mimi nakuamini, mama watoto." Kisha akaanza kurudi ameshiba. Nimekula kazini, anasema. Kazini wapi? Alikuwa akipakia barafu kiwandani, na kiwanda chenyewe hakikumpa mtu hata chai ya rangi. Akikaa kula anaomba sala ndefu kama ya mazishi, halafu anamega tonge mbili, basi. Siku moja nikafumbua macho katikati ya sala. Nikamkuta ameshafumbua ya kwake, anatazama mkono wangu juu ya bakuli la mboga. Tukasema amina. Nilikwenda kulia chooni, na nililia kwa hasira. Mwanamume anayeogopa chakula changu, nimebaki naye wa nini?

Ndipo baba mkwe akaletwa mjini hospitali, akafikia kwetu. Yeye ni mtu wa mila, kanisani hajakanyaga hata siku moja. Nikasonga ugali, nikachemsha sato, nikapiga magoti, "Shikamoo baba," nikawanawisha yeye na mwanawe. Kwao mkamwana hali mbele ya baba mkwe wake, hata tonge moja. Ni aibu itakayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo nikainuka niwapishe. Mume wangu akasema, macho chini, "Hebu onja kwanza."

Mungu wangu! Baba mkwe akageuza uso ukutani upesi, asije akaniona nikila. Nilisimama pale pale.

"Unamwambia nini mkeo mbele yangu?" akauliza, bado ameelekea ukutani.

Mume wangu akajifuta mikono kwenye suruali.

"Angekuwa mchawi angetema kama wenzake, ajifiche. Wewe hata hilo hulioni?"

Akageuka, akamega tonge, akachovya, akala. Nilimchunguza kila alipomeza. Sikujua kama ananiamini kweli, au ana njaa, au anamtia mwanawe adabu. Mpaka leo sijui. Ila alikula, jasho likamtoka, akaomba mchuzi uongezwe.

Kuona hivyo, mume wangu naye akanyoosha mkono kwenye sinia. Nikalisogeza upande wa baba yake.

"Wewe si unakula kazini?" nikamwambia. "Nenda kakale."