Mrithi wa Nne Hajulikani Aliko

Mimi, Hilda Stubbs, sijawahi kudanganywa na binadamu yeyote.

Ukimtoa mume wangu wa kwanza. Na wa pili. Na yule kijana aliyeniuzia karavani akaapa haivuji.

Basi nisikilizeni.

Mwezi Machi nilisaini kununua nyumba kijijini Lasvignes, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Nikapewa mkono wa hongera, nikanyweshwa divai.

Oktoba ikanikuta bado nalala kwenye karavani, kijumba kile cha kuvutwa na gari, naitazama nyumba hiyo hiyo kupitia kidirisha, kama mbwa aliyefungiwa nje ya bucha.

Nyumba yenyewe, aliyoiacha bibi mmoja marehemu, si kasri. Ina vyumba viwili, jiko lenye mahali pa kukokea moto, na haina ngazi hata moja. Hilo la ngazi ndilo lililonimaliza. Nilipakia samaki kiwandani Grimsby mpaka magoti yakastaafu kabla yangu.

Kosa langu lilikuwa moja. Kwetu Uingereza, marehemu akishaandika kwamba nyumba ni ya fulani, unaongea na fulani, mambo yamekwisha. Nikadhani na huku ni hivyo. Nikauza nyumba yangu Grimsby kabla sijashika ufunguo wa hii.

Mwanasheria anayeandikisha mauzo ya nyumba, Bwana Larribeau, ndiye aliyenitoa ushamba.

"Mama, marehemu aliacha watoto wanne. Nyumba ni ya wote wanne. Odile, Mathurin na Solange wameshasaini kwa posta. Bado Anselme."

"Yuko wapi?"

"Hilo ndilo swali."

"Sasa swali kama hilo si ungeniuliza kabla sijauza kitanda changu?"

Akatazama saa. Ilikuwa saa sita mchana. Huku ikifika saa sita, hata nyumba ikiungua itasubiri watu wale kwanza.

"Tumefunga, mama. Rudi saa nane."

Nikarudi saa nane. Saa nane alikuwa bado mezani, ndiyo kwanza amefika kwenye jibini.

Mambo yakaenda hivyo hivyo. Aprili, barua imetumwa anwani ya zamani ya Anselme huko Bordeaux. Mei, barua imerudi. Juni, imetumwa nyingine. Julai, imerudi. Agosti, msiniulize, Agosti Ufaransa nzima iko ufukweni imelala kifudifudi.

Ndugu zake nao wakapiga simu kusema hawajui aliko. Waligombana naye zamani, nyumba ikabaki tupu miaka, wala hawakanyagi kijijini.

Nikasema nitamtafuta mwenyewe. Nikaenda kwa mwoka mikate.

"Unamjua mtu anaitwa Anselme?"

Mwoka mikate akakumbuka ghafla kwamba ana mikate tanuruni.

Nikamuuliza mama wa posta. Akaangalia mawingu, akasema mvua itanyesha. Nikamuuliza padri. Padri akaniombea.

Nilikasirika mpaka nikawa nalia peke yangu kwenye karavani, halafu nakasirika zaidi kwa sababu machozi yalikuwa yanachanganyika na maji ya paa na sikujua yapi ni yangu.

Binti yangu Glenys naye hakuniacha.

"Mama, rudi nyumbani."

"Nyumbani wapi? Niliuza."

"Ndiyo maana nilikwambia usiuze."

"Uliniambia nisipake nywele rangi. Hili la nyumba hukusema kitu."

Mtu pekee aliyenionea huruma alikuwa Titou, mzee wa nyumba ya jirani. Karavani niliiegesha uani kwake, akanipa umeme kwa waya mrefu kupitia dirishani. Kijiji hiki kila mtu ana jina la utani, yupo Bata, yupo Nusu Mkate, kwa hiyo Titou nilimwita Titou na sikuuliza zaidi.

Jumapili nilikuwa nampikia pai ya nyama, yeye ananipikia supu ya liki, mboga jamii ya kitunguu. Anakula mpaka anafuta sahani kwa mkate, halafu anauliza:

"Kapatikana huyo mwehu?"

"Bado."

"Akipatikana, mama Hilda, mzabe kofi moja kwa niaba yangu."

"Moja halitoshi."

"Basi mawili. Watu wengine hawana utu kabisa."

Nikawa namsifu kwa Glenys. Nikamwambia Ufaransa kuna mwanaume mmoja tu mwenye moyo, na nimepaki kwake.

Novemba ikaingia na baridi yake. Asubuhi nikakuta maji ya kunywa yameganda kwenye bilauri, na meno yangu ya bandia yameganda kwenye ya pili. Makubaliano yetu ya mauzo yalikuwa yanaisha mwisho wa mwezi huo. Nikampigia Larribeau nikamwambia nimechoka, Jumatatu najitoa.

Jumapili yake nikamwambia Titou mezani.

Akaweka kijiko chini. "Utakwenda wapi?"

"Kwa Glenys. Nitalala kwenye kochi na paka wake."

"Na pai?"

"Watakula paka."

Akaikodolea macho sahani, macho yamelowa. Nikadhani ananililia mimi, kumbe pai pia ilikuwa na sehemu yake.

Mara gari likasimama nje. Titou akachungulia dirishani na uso wote ukamwisha damu.

"Sema sipo," akanong'ona, akaingia stoo ya chakula akajifungia.

Nikadhani ni mmoja wa wajane wa kijiji. Walikuwa wanamwinda.

Akaingia mwanamke wa makamo, koti zuri, macho mekundu kwa uchovu.

"Samahani, mama. Wewe ndiye Mwingereza wa karavani? Mimi ni dada mkubwa wa hao wanaokuuzia nyumba. Bwana Larribeau ametuambia unajitoa. Nimeendesha gari tangu alfajiri nije kukuomba usubiri kidogo."

Kumbe ndiye Odile. Nikamkaribisha kwenye kiti cha Titou, mwanga wa dirisha ukampiga usoni.

Nikaona pua.

Pua ndefu, imepinda kidogo kulia, kana kwamba aliyeiweka alikuwa anaharakisha kwenda kula. Pua hiyo nilikuwa nakula nayo kila Jumapili. Sikujua kwamba zilitengenezwa mbili.

Hapo mwili mzima ukapata moto, tangu miguuni. Miezi yote ile. Meno yangu kwenye barafu. Na makofi mawili aliniagiza mwenyewe.

Nikavuta pumzi, nikaongeza sauti kidogo, nikaielekeza upande wa stoo.

"Huyo kaka yenu Anselme nasikia alikuwa mvivu."

"Mvivu hapana," akasema Odile. "Mkaidi."

"Na mlevi."

"Kiasi."

"Na mwizi?"

Odile akashusha sauti. "Ndilo lililotutenganisha. Mama alikuwa na sufuria la shaba la kupikia jamu. Siku tuliyomzika tulirudi nyumbani halipo. Anselme akaondoka bila kuaga, tangu siku hiyo hatujasikia sauti yake."

"Loo," nikasema, kwa sauti ya kanisani. "Kumwibia mama mzazi, tena siku ya kaburi. Mtu wa hivyo hafai hata kuitwa mtu."

Stoo ikajibu.

"Sikuiba. Alinipa mwenyewe kwa mkono wake."

Odile alishika ukingo wa meza.

Funzo nalitoa hapa hapa, maana nikifika mwisho nitakuwa nacheka na siwezi kuandika nikicheka. Ukinunua nyumba ugenini, acha kugongagonga kuta. Kaa na majirani, na kila mmoja muulize jina alilopewa na mama yake. Mimi kijiji kizima kilijua Titou ni nani, kuanzia mwoka mikate mpaka padri, na hakuna aliyenitonya. Nyumba nilikuja kuipata, nawaandikia nikiwa nimenyoosha magoti mbele ya moto wake, lakini mimi nilikula baridi ambayo haikuwa ya lazima, kwa sababu mzee mmoja hakutaka ndugu zake wajue aliko, waje kumwangalia kama mwizi.

Haya. Odile akainuka, akaenda mpaka stoo, akafungua mlango.

Titou alikuwa ameketi juu ya gunia la viazi, magoti pamoja kama mtoto wa shule. Nyuma yake, kwenye msumari, sufuria la shaba linang'aa.

"Anselme," akasema Odile.

Titou akamwangalia. Akaniangalia mimi. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Hapana," akasema. "Umenifananisha, Odile."