Sukari Niliyomnyima Akala

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo hadi leo nikiikumbuka siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa. Nivumilie nikisimama na kurusha mikono. Nitakaa nikimaliza.

Sikuwa kijana wa miaka, nilikuwa kijana wa ujane. Mume wangu, Baba Mutua, alikuwa na miezi minne kaburini. Alikuwa mshonaji wa viatu katika soko la Kariokor, na ndiye aliyemleta paka wetu hapa mtaani Jericho ndani ya mfuko wa vipande vya ngozi, akamwita Akala, kama vile viatu vya matairi. Baba Mutua aliugua sukari miaka mingi, na alikuwa mtu wa kuruka sindano: leo kazi ni nyingi, kesho amesahau. Mimi nilikuwa naona, na nilinyamaza kwa sababu sikupenda kugombana. Sukari ikapanda, ikaondoka naye. Hilo la kunyamaza sijamficha mtu, na wewe sikufichi.

Basi Akala akaanza kunywa maji bila kutosheka, kukojoa ovyo na kukonda, huku akitapika na kuharisha. Nikampeleka kwa daktari wa wanyama, binti mmoja aitwaye Nduku. Akampima damu na mkojo, akaniambia, "Mama, paka wako ana sukari. Na tumbo nalo ni gonjwa, kwa hivyo tutayatibu yote mawili pamoja."

Nilicheka, mwanangu, machozi yakinitoka. Sukari tena! Lakini kitu kiliwaka ndani yangu: safari hii hainishindi.

Daktari akanifundisha. Ugali na maziwa vikome. Chakula kiwe cha nyama, na nikibadilishe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, tumbo lisishtuke. Sindano asubuhi na jioni, akishakula. Nilirudi nyumbani nikiyakariri maneno hayo kama mtoto anayekwenda mtihani. Ila kichwani mwangu yalibaki "asubuhi na jioni" tu. Hilo "akishakula" sikulipa uzito wowote.

Majirani walinicheka sana. Mama Brayo wa mlango wa pili alikuwa akinipigia kelele kwenye kamba za nguo: "Mama Mutua! Hiyo paka yako imetoa wapi sukari, na sisi hapa tunakunywa chai ya strungi, chungu?"

"Iulize yenyewe," nilimjibu, "iko hapo juu ya ukuta."

Na kweli ilikuwa juu ya ukuta! Baada ya wiki chache Akala alipata nguvu, akarudi kupanda kuta na kuwatisha kuku wa watu. Nilijiona daktari kamili.

Ndipo ikaja asubuhi hiyo. Akala alikula kidogo, kisha akatapika chote. Nikatazama saa: saa moja kamili. Nikajiambia, Baba Mutua aliruka, huyu haruki. Nikamdunga dozi nzima.

Saa mbili baadaye nilikuwa naanika nguo nilipomwona anayumba kama mlevi. Miguu ya nyuma ikalegea, akaanguka karibu na bomba la maji. Nikambeba ndani, nikampigia Daktari Nduku.

"Amekula?" akauliza.

"Alikula, akatapika chote."

"Na sindano?"

"Nilimpa! Sikuchelewa hata dakika."

Akasema upesi, "Mama, sukari imeshuka sana. Mpake asali kwenye ufizi sasa hivi, halafu umlete mbio."

"Asali? Daktari, umesahau? Huyu ana sukari!"

"Ana ugonjwa wa sukari, Mama. Sukari yenyewe ndiyo hana."

Chupa ya asali ilikuwa mkononi, nami siwezi kuifungua. Kwangu mimi sukari ilikuwa moja tu, ile iliyonifanya mjane. Akala macho yamemtoka, anatetemeka, na mimi nimesimama nikimnyima.

Mama Halima wa mlango wa mbele, mama mtu mzima kunizidi, alikuwa amesikia yote. Akaingia bila kubisha.

"Unangoja nini, Mama Mutua? Fungua hiyo chupa!"

"Itamuua."

"Unayemuua ni wewe na hiyo saa yako! Umempa dawa tumbo tupu. Dawa imekosa cha kula, sasa inamla yeye. Sogea! Huyu si Baba Mutua. Huyu ni paka, na ana njaa."

Aliinyakua chupa, akachovya kidole, akampaka kwenye ufizi. "Kidogo kidogo," akasema. "Ukimmiminia atapaliwa." Akapaka tena. Nikahesabu pumzi za yule mnyama. Mara ulimi ukatoka! Ukalamba! Sikio likacheza, kichwa kikainuka, na Akala akamng'ata Mama Halima kidole.

"Astaghafirullah! Amerudi mzima huyu!"

Nilipiga kelele hadi wapangaji wote wa ploti wakatoka. Mama Brayo akaja na povu la sabuni hadi viwikoni, anaruka, "Imeamka! Imeamka!" Tulimfunga Akala kwenye leso ya kujifunga kiunoni tukakimbia naye kwa daktari, wanawake watatu, mmoja anavuja damu kidoleni, na barabara nzima inatuuliza ni nani amejifungua.

Daktari alibaki naye hadi kesho yake, akamtuliza tumbo, akabadilisha dozi. Akala yupo hadi leo.

Mwanangu, hili ndilo nililobaki nalo. Kabla hujashika sindano, hakikisha mnyama amekula na chakula kimekaa. Akikataa chakula au akitapika, mpigie daktari kwanza. Asali ya kumpaka akilegea iwe karibu kila siku, na hata akiamka, mpeleke tu aangaliwe. Lakini kubwa ni hili, na linaniuma kulisema: nilikuwa namdunga Akala ili nimtibu marehemu. Sindano alizoziruka Baba Mutua haziwezi kudungwa tena katika mwili wa mwingine. Unayemuuguza leo, mtazame yeye, kwa hali yake ya leo, hata kama moyo wako uko makaburini.

Mungu akutunzie wote walio nyumbani mwako, wa miguu miwili na wa minne, na kila unapoamka uwakute wazima, wana njaa.