Miguu Ndani ya Gamba

Mwaka niliofanya utafiti wa shahada ya pili nilikuwa naishi Tabata na mama, mwalimu mstaafu kutoka Kilimanjaro. Mie nilidhani naipenda bahari, mpaka mhadhiri wangu aliponipeleka Kawe kuhesabu vile vidude vyenye magamba meupe vinavyoganda kwenye mawe, ambavyo watu wengi hudhani ni jiwe lenyewe.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mawe yangu yalikuwa kando ya mtaro unaomwaga uchafu wa mtaani moja kwa moja ufukweni. Nepi zilizovimba, manyoya ya kuku, maji ya kijivu yakipita katikati ya vidole vyangu, maana nilivaa ndala. Na vidude vyenyewe vilikuwa vimestawi hapohapo, vimebanana kama vipele.

"Angalia walivyopangana," mhadhiri alisema. "Wadogo wako juu, wanavumilia jua kutwa. Wakubwa wako chini, wakikauka sana wanakufa."

"Na wadogo kwa nini wasishuke?"

"Huko chini wakubwa wanawabana, konokono wanawatoboa."

Nikainama nione vizuri, nikateleza. Magamba yakanichana kiganja kama wembe. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba, unatoa usaha wenye harufu ya ule mtaro. Nesi wa zahanati aliukamua huku amegeuza uso pembeni, akatoa kipande cha gamba.

"Dada, huko ulikuwa unatafuta nini?"



Nilirudi maabara na bandeji mkononi. Mhadhiri akampasua mmoja wa wale wa kwenye mawe, akamweka chini ya hadubini. Nilitegemea kuona kitu kama chaza, nyama laini isiyo na umbo. Nikaona miguu. Jozi sita za miguu yenye vinyweleo, imejikunja.

"Huyu si ndugu wa chaza," alisema. "Ni ndugu wa kaa na kamba. Akiwa mchanga anaogelea. Akipata mahali pa kukaa anagandisha kichwa hapo, anajijengea gamba, halafu maisha yake yote anakomba chakula kwenye maji kwa miguu na kukipeleka mdomoni."

Nikakumbuka maji yenyewe ni yale ya mtaro. 

Ripoti yangu ilipopita, mama alitaka kunipongeza. Akanunua kamba, akawapika kwa nazi. Nikamshika mmoja nimmenye. Vile vimiguu vikanigusa kidole, vimejikunja vilevile. Nikakimbilia uani, nikatapika mpaka machozi yakanitoka.

Mama akanifuata na kikombe cha maji. Akaniangalia tumboni.

"Niambie ukweli, mwanangu. Una mimba?"

"Sina, mama. Ni wale kamba."

"Wana nini? Nimewanunua wabichi kabisa."

Nikamweleza yote: kichwa kilichoganda, miguu, nepi, undugu wao. Alisikiliza mpaka mwisho, amekunja pua.

"Ungenyamaza tu," akasema. Akaingia ndani, akamimina bakuli lote kwenye ndoo ya taka.